Kinu na Chungu: Habari za Viwanda vya Chakula katika Kisiwa cha Unguja

Njia itokayo mjini Unguja kwenda kaskazini hupita Mtoni na Bububu, hukata mashamba ya minazi na mikarafuu, hufika Mahonda, na huishia katika bandari ndogo ya Mkokotoni inayokabili kisiwa cha Tumbatu. Mwendo wake haufiki maili thelathini. Katika mwendo huo mfupi, kwa muda wa karibu miaka mia mbili, watawala, wafanya biashara na wakulima wamejaribu karibu kila njia ambayo watu wa kisiwa kidogo wanaweza kuijaribu ili mazao ya ardhi yao na ya bahari yao yatengenezwe papo hapo yawe chakula, badala ya kupakiwa melini yakiwa ghafi, na chakula cha wenyeji kushushwa kutoka meli nyingine kwa bei iliyopangwa na wengine. Baadhi ya majaribio hayo yaliacha magofu, baadhi yaliacha madeni, na machache yangali hai.

Kila kinu kiliposimama watu walisema kwamba chuma kilikuwa kibovu, au fundi hakujua kazi yake, au fedha haikutosha. Mara nyingi maneno hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Aghalabu kinu cha Unguja kilikufa kwa njaa: kilikosa kitu cha kusaga. Ardhi ilikuwa imekwisha shikwa na zao jingine, mikono ilikuwa imekwisha ahidiwa kazi nyingine, au kile ambacho kinu kilikitaka kilikuwa kinatakiwa pia na chungu cha jikoni, na chungu kilikuwa tayari kutoa bei bora.

Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao ya dola yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hukumbukwa sana kwa karafuu. Si ajabu, kwa kuwa karafuu ndiyo iliyogeuza sura ya kisiwa na ya Pemba pia. Lakini karafuu haikuwa tamaa yake ya pekee. Visiwa vya Mascarene, ambako mche wa mkarafuu ulitoka, vilikuwa vimeanza kutajirika kwa sukari, na habari hizo zilimfikia pamoja na miche. Katika miaka ya 1840 alijaribu, kwa kushirikiana na wageni wa Ulaya, kulima miwa na kutengeneza sukari kwa mitambo upande wa Mkokotoni. Mahali palichaguliwa vizuri: bandari ilikuwa karibu, na udongo wa kaskazini magharibi ulikuwa mwema. Hata hivyo jambo lenyewe halikukua. Sababu yake haionekani mpaka mtu alinganishe tabia ya muwa na tabia ya karafuu.

Karafuu huchumwa ikiwa bado haijachanua, huchambuliwa kutoka katika makonyo yake, na huanikwa juani juu ya mikeka au sakafu. Baada ya siku chache za jua kali huwa kavu, nyeusi yenye wekundu, na kazi imekwisha. Ikihifadhiwa mahali pakavu yaweza kungoja bei kwa miezi, hata kwa miaka. Nazi nayo hupasuliwa, huanikwa au hukaushwa kwa moshi, ikawa mbata, na mbata hungoja jahazi bila kulalamika. Jua ndilo lililokuwa kiwanda cha kwanza cha Unguja, kiwanda kisichohitaji mkopo wala fundi. Muwa haungoji. Ukikatwa huanza kupoteza utamu wake. Usipokamuliwa katika siku moja au mbili, maji yake huchachuka na sukari iliyomo hupungua. Kwa hiyo kinu cha sukari hutaka miwa iliyo karibu nacho, inayoivaa kwa zamu, inayokatwa kila siku bila kusita kwa muda wa miezi, na hutaka watu wa kuikata, wa kuibeba, wa kutia kuni na wa kupika. Watu hao hao ndio waliotakiwa mashambani karafuu zilipoiva, na karafuu ikiiva nayo haisubiri, kwani ikichanua thamani yake hupotea. Mwenye shamba aliyelazimika kuchagua hakuwa na haja ya kufikiri sana. Karafuu ilimlipa zaidi na ilimsumbua kidogo.

Palikuwa na jambo lingine, nalo lilikuwa mbali na kisiwa. Tangu mwaka 1825 sukari ya Mauritius, ambayo ilikuwa koloni la Waingereza, iliruhusiwa kuingia Uingereza kwa ushuru ule ule uliotozwa sukari ya visiwa vya Karibi. Neema hiyo ndogo ya karatasi ilijenga vinu vingi kuliko fundi yeyote. Katikati ya karne ya 19 Mauritius, kisiwa ambacho si kikubwa sana kuliko Unguja, kilikuwa na vinu vya sukari zaidi ya mia mbili. Sayyid Said hakuwa mtawala wa koloni. Alikuwa rafiki wa Waingereza, na rafiki hutozwa ushuru kama mgeni. Sukari ya Mkokotoni, hata ingalikuwa nyeupe na nzuri namna gani, ingalifika soko la London ikiwa na mzigo ambao sukari ya jirani yake haikuubeba.

Wako wanaoitaja Mauritius kama mfano ambao Unguja ilipaswa kuufuata. Ni vyema kukumbuka gharama ya mfano huo. Baada ya utumwa kukomeshwa huko, mamia ya maelfu ya Wahindi waliletwa kwa mikataba kufanya kazi mashambani, na kisiwa kizima kikageuka kuwa shamba la miwa. Viwanda vilikuwapo, moshi wa vinu ulionekana kila upande, na mchele wa watu wale waliovitumikia viwanda ulitoka ng'ambo. Mauritius kilikuwa kisiwa chenye kiwanda kikubwa cha chakula na kisichojilisha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewapoteza wengi.

Jaribio la pili la Mkokotoni lilifanywa katika miaka ya 1860 na Mwingereza, Kapteni H. A. Fraser, aliyefungua shamba kubwa la miwa na kusimamisha mitambo yake. Yeye alijua vizuri kwamba tatizo ni mikono, na alidhani amepata dawa. Kwa kuwa raia wa Kiingereza hakuruhusiwa kumiliki watumwa, alifanya mkataba na mabwana wa watumwa wamkodishie watu wao. Kwake yeye hiyo ilikuwa kazi ya kulipwa. Tofauti ni kwamba aliyepokea malipo hakuwa aliyefanya kazi. Jambo hilo halikuweza kufichika kwa muda mrefu. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika bahari ile ile iliyoonekana kutoka shambani kwake, na ubalozi wa Kiingereza mjini Unguja ukawa katika aibu. Likazuka shauri refu la barua kati ya Unguja, Bombay na London, na msimamo ukawa kwamba raia wa Kiingereza asichume kwa mikono ya watumwa, wawe wake au wa kukodi. Kiwanda kilichotegemea kanuni moja ya hila hakingeweza kusimama kanuni hiyo ilipoondolewa.

Watu waliokata miwa ile hawakuandika barua. Majina yao hayamo katika shauri lile isipokuwa kama hesabu, ingawa shauri lote liliwahusu wao. Ni haki kulisema hili, kwa kuwa historia za viwanda hupenda kuhesabu magurudumu, na anayesoma habari za sukari ya Mkokotoni kwa uangalifu ataona kwamba mashine haikuwa kitu cha kwanza kupungua. Kilichopungua ni mtu aliye tayari kuitumikia kwa hiari yake, na ujira ambao ungemfanya awe tayari.

Tufani ya Aprili 1872 iliangusha mikarafuu na minazi mingi ya Unguja, ikaiacha Pemba kwa sehemu kubwa salama. Mwaka uliofuata soko la watumwa la mjini likafungwa kwa mkataba, na mwaka 1897 ikatolewa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Tangu hapo mwenye shamba alilazimika kubembeleza. Wakati wa kuchuma karafuu alitafuta vibarua kila mahali, hata bara, na aliyekaa katika shamba lake alimruhusu alime muhogo na viazi chini ya miti. Hakuna kinu cha sukari ambacho kingeweza kushindana na mpango huo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu mwenye moyo wa kukijenga.

Wakati huo wote, mjini, kiwanda kingine kiliendelea kufanya kazi bila hotuba na bila mkataba. Kilikuwa kinu cha mafuta, na mtambo wake ulikuwa ngamia.

Picha zake zimesalia, na wasafiri wengi walisimama kukitazama. Katika kibanda chenye giza, gogo kubwa lililochimbwa tundu liliwekwa imara ardhini. Ndani yake palisimama mchi mzito ulioegemezwa na kufungwa katika mti wa kukingama. Na mwisho wa mti huo alifungwa ngamia, macho yamezibwa, akazunguka kutwa nzima katika duara lile lile. Macho yake yalizibwa asipate kizunguzungu. Mchi ulisugua ukuta wa kinu, na mafuta ya mbata au ya ufuta yakachuruzika. Mafuta ya nazi yalipikiwa, yaliwashiwa taa, yalipakwa nywele na mwili, na yaliingia katika sabuni. Makapi yaliyobaki, yaani mashudu, yalilishwa wanyama, na huenda ngamia mwenyewe alikula sehemu ya kazi yake.

Kinu hiki kilikuwa na sifa tatu ambazo kinu cha Mkokotoni hakikuwa nazo. Kwanza, kilikula kidogo. Mbata ya siku moja ililetwa kwa punda au kwa gari la ng'ombe kutoka mashamba ya karibu, na isipoletwa ngamia alipumzika. Hapakuwa na deni lililozidi kwa sababu ya siku moja ya mapumziko. Pili, wanunuzi wake walikuwa mtaa wa pili. Tatu, kilichukua kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kijua kukitengeneza nyumbani, kwani kila mwanamke wa pwani alijua kukuna nazi, kukamua tui na kulichemsha mpaka mafuta yaelee juu. Kinu kiliongeza kipimo cha kazi iliyokuwapo. Baadaye mashine za kushindika zilichukua nafasi ya ngamia, na mafuta na sabuni ya nazi vikawa viwanda vya kweli vya mjini, wenye mali wakiwa hasa wafanya biashara wa Kihindi.

Lakini hata kinu hicho kilikuwa na mshindani, na mshindani huyo alikuwa chungu. Unguja haipikwi chakula bila nazi. Wali hutiwa tui, samaki hutiwa tui, mchicha na maharage hutiwa tui. Asubuhi na jioni mbuzi ya kukunia hulia katika kila ua, kifumbu hukamuliwa, na chicha hutupiwa kuku. Watu walipokuwa wachache na minazi ilikuwa mingi, chungu kilishiba na nazi zilizobaki zilikwenda kinuni au zilikauka zikawa mbata ya kupelekwa ng'ambo. Hesabu ya mwaka 1958 ilionyesha watu 299,111 katika Unguja na Pemba pamoja; ile ya mwaka 2022 ilionyesha watu 1,889,773. Minazi haikuzaa mara sita zaidi katika muda huo. Mingi ilizeeka, mingine iliharibiwa na chonga, mingine ilikatwa kwa ajili ya mbao na nyumba. Nazi mbichi sokoni ikapata bei ambayo kinu hakingeweza kuilipa huku kikiuza mafuta yake kwa faida, hasa mafuta ya mawese yaliyosafishwa Asia ya Kusini Mashariki yalipofika madukani kwa bei ndogo. Mtu anayeuliza kwa nini mafuta ya nazi ya Unguja yalipungua asitafute mwuaji. Wajukuu wa wale waliokuwa wakikiuzia kinu walizikuna nazi wenyewe.

Kulikuwa pia na udhaifu ambao karafuu iliuficha kwa muda mrefu. Ardhi ya magharibi ya Unguja, yenye udongo mwingi, ilikuwa imechukuliwa na miti ya biashara. Ardhi ya mashariki, yenye mawe ya matumbawe, iliachiwa muhogo, mtama na kunde. Mpunga ulilimwa mabondeni, lakini haukutosha, na mji ulizoea mchele wa ng'ambo, hasa wa Burma. Maadam karafuu iliuzwa vizuri, mchele ulinunuliwa vizuri. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele ukakatika.

Serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kadi, na ugawaji huo ulifuata kabila la mtu: wengine walihesabiwa kuwa walaji wa mchele, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mlaji wa mahindi, mtama na muhogo, kana kwamba ulimi nao una cheti cha kuzaliwa. Uchungu wa mgao ule ulikaa katika vifua vya watu baada ya mchele kurudi, na ukaingia katika siasa za miaka iliyofuata. Kwa habari hizi, hata hivyo, lililo muhimu ni nani aliyekilisha kisiwa katika siku zile. Hakikulishwa na kiwanda chochote. Kililishwa na majembe ya mabondeni na ya maweni, na na makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukapasuliwa na kuanikwa juu ya mawe ya matumbawe mpaka ukawa mkavu wa kuweka. Hakuna kitabu cha biashara kilichoyahesabu makopa kama bidhaa ya kiwanda, ingawa yalitengenezwa, yalihifadhiwa, yalipimwa na yaliuzwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaifisha ardhi na kuwagawia watu eka tatu tatu. Mzee Abeid Amani Karume alishika neno moja kwa nguvu: kisiwa kijilishe. Watu walipelekwa mashambani, mabonde ya mpunga yalipanuliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 chakula kutoka nje, mchele, unga na sukari, kilizuiwa au kilipunguzwa sana. Akiba ya fedha za karafuu iliongezeka huku foleni zikirefuka. Wako wanaoikumbuka nia yake kwa heshima na wako wanaoukumbuka muhogo mtupu wa siku zile kwa hasira, na mara nyingine ni mtu mmoja anayekumbuka yote mawili. Nia haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa mambo: mlango ulifungwa kabla ghala halijajaa, na mpunga hauoti kwa haraka kwa sababu mlango umefungwa. Baada ya kuuawa kwake Aprili 1972, serikali ya Aboud Jumbe ilianza kulegeza.

Katika miaka hiyo ya 1970 sukari ilirudi katika historia ya Unguja kwa mara ya tatu. Kwa msaada wa Uchina kilijengwa kiwanda cha sukari Mahonda, katika njia ile ile ya kaskazini, mwendo mfupi kutoka mahali pa Sayyid Said na Fraser. Safari hii hapakuwa na mtumwa wala mkataba wa hila. Wafanya kazi walilipwa mshahara, mashine ilikuwa ya kisasa, na soko lilikuwa hapo hapo, kwa kuwa Mzanzibari hunywa chai yenye sukari na hupenda halua. Kwa muda kiwanda kilitoa sukari, na watu wa Mahonda wakakionea fahari.

Lakini kiwanda cha kisasa kina tumbo kubwa zaidi ya kinu cha ngamia, na njaa yake ni ya namna ile ile. Miwa ilihitaji mabonde yenye maji, na mabonde yenye maji yalitakiwa kwa mpunga. Mkulima mwenye eka tatu alipima: muwa huuzwa kwa mnunuzi mmoja tu, kwa bei ya mnunuzi huyo, baada ya mwaka na zaidi, muhogo na ndizi huuzwa sokoni leo, na visipouzwa huliwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Shamba la kiwanda chenyewe halikutosha kukishibisha. Vipuri vilipungua, serikali ilikosa fedha za kigeni baada ya bei ya karafuu kushuka katika miaka ya 1980, na kiwanda kikasimama. Mwaka 1984, chini ya Ali Hassan Mwinyi, biashara ya kuagiza bidhaa ilifunguliwa, maduka yakajaa, na sukari ya nje ikaingia kwa urahisi. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa walikuwa wamechoka na foleni. Katika karne hii ya 21 wawekezaji walikifufua kiwanda cha Mahonda, tanuri likawaka tena, na kilio kilichosikika baada ya ufufuo kilikuwa kile cha zamani: miwa haitoshi.

Wataalamu hukiita kisiwa soko dogo, na kusema kwamba udogo wa soko ndio unaoua viwanda. Habari za Mahonda zinaonyesha kinyume. Kiwanda hakikukosa mnywaji wa chai. Udogo uliokiumiza ulikuwa wa ardhi, na ardhi ya kisiwa, tofauti na soko, haipanuki kwa kufanya mkataba na jirani.

Kwa sababu hiyo yafaa kuangalia kazi zilizodumu, ingawa si zote zilizo kubwa. Pemba, huko Wawi karibu na Chake Chake, makonyo ya karafuu hutiwa katika mapipa ya mvuke na kutoa mafuta yanayotumiwa katika dawa, manukato na viungo vya chakula. Makonyo ni kile kinachobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Hakuna chungu kinachoyataka, wala hayahitaji ardhi mpya hata pishi moja. Kiwanda hicho kinakula mabaki, na mlaji wa mabaki hana mshindani.

Mwani una hadithi tofauti. Ulianza kupandwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mmoja wa viongozi wake. Shamba lake liko baharini, kati ya maji kupwa na maji kujaa, kwa hiyo haukumnyang'anya mtu ardhi. Wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kwa fedha yake walijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini mwani mkavu uliingia katika njia ya zamani ya karafuu na mbata: huanikwa juani, hutiwa guniani na hupakiwa melini, na huko ng'ambo ndiko hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha maziwa, aiskrimu na vyakula vya makopo. Aina yenye bei bora imekuwa ikifa kwa kuwa maji ya bahari yanazidi kuwa ya moto. Vikundi vya wanawake vimejifunza kusaga mwani na kuutia katika sabuni, na wengine huutia katika vyakula. Vipimo vyao ni vidogo kama vya kinu cha ngamia, na jambo hilo halitoshi kuwa sababu ya kuvidharau.

Na Mkokotoni kwenyewe? Mahali ambapo Sayyid Said alitafuta sukari na Fraser alikodi watu, leo hupikwa dagaa. Usiku usio na mwezi vyombo hutoka na taa, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, na nyavu huvutwa. Alfajiri samaki hushushwa wakiwa bado wanameta. Wanawake na vijana huwaosha, huwachemsha kwa muda mfupi katika maji ya chumvi ndani ya masufuria makubwa juu ya moto wa kuni, kisha huwaanika juu ya nyavu zilizotandazwa. Dagaa wabichi hawangoji, kama muwa usivyongoja, lakini jiko liko hatua chache kutoka chomboni, na sufuria moja ikikosa samaki nyingine hupata. Wanunuzi hutoka bara, na wengine hutoka mbali zaidi, katika Kongo, ambako dagaa mkavu wa bahari hii huliwa na watu ambao hawajapata kuiona bahari yenyewe.

Hakuna aliyeiita kazi hiyo kiwanda ilipoanza. Haikuwa na jengo wala jiwe la msingi. Matatizo yake ni ya kawaida: kuni zimepanda bei na misitu inapungua, mchanga huingia katika dagaa walioanikwa chini, na mnunuzi mwenye fedha taslimu ndiye anayepanga bei jioni inapokaribia. Zimejengwa chanja za kuwainua dagaa kutoka mchangani, na wapo waliojaribu vyumba vya kukaushia kwa joto la jua vilivyofunikwa kwa nailoni. Vinasaidia wakati wa kiangazi. Masika yakiingia, mawingu hushuka juu ya Tumbatu mapema, mtu mmoja hupiga ukelele, na wote waliopo ufukweni, mwenye mali na kibarua, hukimbilia maturubai.